Haikuwa Mikono Yako

S.L.P. 47,
Litein.
8 Juni 1997

Mpendwa ndugu yangu Isaiah,

Habari za Thika? Unakula vizuri, au bado ni chai na mkate tu? Sisi huku ni wazima. Mvua imetuzidi na majani ya chai yanaota kuliko tunavyoweza kuchuma. Mama hajambo, ila goti linamsumbua baridi ikiingia.

Sasa kaa chini. Kuna jambo limetokea karakana, na nimeona ulisikie kutoka kwangu mimi niliye hapo stoo, si kwa watu.

Ulipoondolewa kwenye ile mashine ya kukatia vyuma inayoongozwa na kompyuta, alipewa Chepkosgei. Naye akaharibu rola za kusagia chai vile vile: mifereji sawa pembeni, ikifika katikati inapishana. Bwana Nyaberi, msimamizi wetu, akaanza kumwambia mikono yake inatetemeka anapotega kisu cha mashine, kama alivyokuambia wewe. Nilikasirika, nikamwuliza ni ugonjwa gani huo wa kukaa kwenye mashine moja. Ndipo akakubali kuita fundi kutoka Nairobi.

Akaja Gachanja, mgeni wa kwanza niliyemwona akinywa mursik, maziwa yetu ya mgando, bila kukunja uso. Aliuliza mashine ilipimwa wapi. Nyaberi akamwonyesha mwishoni, mahali geji ya kupimia hukaa bila taabu. Pale hakukuwa na kasoro. Gachanja akaileta geji katikati, akaipeleka mashine mbele na kuirudisha, na sindano haikurudi ilipotoka. Kumbe ile skrubu ndefu ya gololi inayosukuma kisu imelika hapo katikati, tunapokatia rola kila siku. Miisho yake bado ni kama mpya.

"Huyo kijana mlimwonea," Gachanja alisema mbele yetu sote. "Hapa hata mimi ningeharibu."

Jioni Nyaberi alikuja stoo kuomba anwani yako, anataka kukuita kazini. Nilimpa, ingawa nilimkawiza kidogo makusudi.

Skrubu ilipelekwa Nairobi, ikasagwa upya na kutiwa gololi kubwa kidogo ili isicheze. Juzi imerudishwa, na Chepkosgei anakata rola safi kabisa.

Ndugu yangu, najua ulivyoumia. Ulifika mahali pa kuamini kweli unatetemeka, ukaacha hata kunyoa ndevu mwenyewe, ukaenda kulinda geti la watu. Iliniuma sana, na sikuwa na neno la kukufariji.

Mama, Bethwel na jirani Phelis wanakusalimu. Mkeo Rebeccah nimemweleza yote, akalia, kisha akaniagiza nikuandikie hivi: Pasaka alipokupa mtoto ulificha mikono mfukoni, ukasema utamwangusha. Sasa mtoto anakaa mwenyewe, na ameanza kuwakataa wageni. Njoo umbebe kabla hajakuhesabu miongoni mwao.

Mungu akutangulie njiani.

Dada yako, kwa mapenzi yasiyopungua,
Rodah