Jina Nililolikata

Neema, mjukuu wangu,

Huku ughaibuni, Husby, tu wazima; mama yako bado ana zamu kule kwenye makao ya wazee. Umeniuliza nani alichora lile tangazo la zamani la sabuni ya Kifaransa lililoko jikoni kwangu. Tangu nisome barua yako nakaa, nasimama, narudi kulitazama. Nilipewa ujanani, nikiuza dukani Bukavu. Halikuingia kwenye fremu, nikakata ukingo wa chini kwa mkasi. Jina la mchoraji lilikuwa hapo. Nililiona kabisa, nikalifagia na takataka.

Mchoro wako umefika, nimeubandika. Ni mkubwa, umefunika swichi ya taa. Mama yako anataka niupunguze. Nimekataa. Taa tunawasha kwa kupapasa.

Koko wako