Anselmo Ameniomba Anioe Upya

Chang'ombe, Machi 1980

Dada Yuliana,

Shikamoo. Hapa tu wazima, ila sukari bado haionekani madukani.

Shemeji yako Anselmo, yule tuliyesikia amefia vitani Uganda, ukaja tukakaa matanga, amerudi. Alipoambiwa habari ya matanga akasema, "Basi wewe ni mjane. Nikuoe upya." Padri alicheka, akasema ndoa ingali hai, ila tunaweza kurudia ahadi zetu. Tumezirudia Jumapili.

Dada, aliyerudi si yule. Usingizini hupiga kelele, mchana hukaa uani bila neno, na mie ndiye ninayemwogesha. Padri aliponiuliza kama nitampenda katika afya na ugonjwa, nilinyamaza mpaka watu wakatazamana. Anselmo akaninong'oneza, "Umechoka?"

Tangu arudi alikuwa hajawahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia, "Nimechoka, baba." Akanishika mkono. Ndipo nikamjibu padri, "Nitampenda."

Tuliporudi nyumbani nililala mpaka jioni. Yeye aliketi mlangoni, akiwaambia majirani wasibishe hodi, mke wake amepumzika.

Wasalimie wote Ndanda.

Mdogo wako,
Eufrazia