Shangazi wa Redioni Alijua, na Wewe Ulijua

Kaka Mutinda,

Baba ni mgonjwa sana. Figo zimekataa kufanya kazi, na daktari wa Machakos amesema zimebaki wiki, si miezi. Nimeanza na hilo kabla ya salamu na kabla ya kukuuliza hali yako, na nimefanya hivyo makusudi. Baba mdogo Musyoka alinipigia simu jana akaniomba nisikwambie. Alisema mahojiano yako ya makaratasi ya uhamiaji ni mwezi ujao, na ukitoka nchini sasa huenda usiruhusiwe kurudi. Nikamjibu kwamba nitakwambia leo. Alikata simu bila kuaga.

Labda unashangaa kwa nini nakuandikia humu, kwenye jukwaa la mtandaoni la watu wa gemu. Ni kwa sababu simu yangu hupokei. Nimekupigia mara nne tangu jana, inaita huko Texas mpaka inachoka. Lakini wiki iliyopita niliingia humu kwa udadisi tu, nikalikuta lile jina lako la bandia. Ulikuwa umemwandikia mtu usiyemjua aya sita kuhusu sehemu ya pili ya gemu letu na maswali ambayo imekataa kuyajibu. Aya sita! Mimi dada yako sijaona hata neno moja kwa miaka minne. Ndiyo, mimi ndiye niliyekufukuza, sikatai. Lakini mtu akifukuzwa na dadake hurudi akabisha hodi. Wewe ulifunga begi ukahama jimbo. Basi barua hii naibandika hapa hapa, chini ya mjadala wetu wa zamani, kila mtu aione. Wenzako hawajui Kiswahili, watadhani ni nadharia nyingine kuhusu Shangazi. Hawatakuwa wamekosea sana.

Unakumbuka ni wewe uliyempa jina hilo? Yule mwanamke wa redioni asiyeonekana sura, aliyemwongoza askari wetu ndani ya chombo cha angani kilichojaa wadudu wa chuma. Geuka kushoto. Badilisha bunduki. Usisimame hapo. Ukasema huyu ni shangazi yetu kabisa, anakutuma dukani na hataki swali. Nilicheka mpaka nikamwaga chai kwenye zulia la nyumba tuliyopanga Greenbelt, hapa Marekani, na lile doa tuliliwekea kiti ili mwenye nyumba asilione. Wewe ulikuwa umetoka kuegesha magari ya watu kule mtaa wa Shaw, viatu bado miguuni. Mimi nilikuwa nimetoka kwa yule mzee niliyekuwa nikimtunza College Park. Tulikuwa na saa moja ya kuonana kabla sijaenda darasani, na saa hiyo yote tuliipa gemu. Tulicheza kwa zamu, askari akifa unampisha mwenzako.

Katika hatua ya tatu askari anauliza, "Kuna habari zozote kutoka nyumbani?" Shangazi anasema tu, "Endelea mbele." Gemu likaisha bila swali hilo kujibiwa, na watu humu ndani nusura wang'oane macho. Mmoja alisema Shangazi si mtu, ni kompyuta. Mwingine alisema askari alikufa zamani, yote yale ni ndoto ya mtu anayekata roho. Yupo aliyechora ramani nzima ya nyota kuthibitisha mambo ambayo hadi leo sijayaelewa. Na wote waliilalamikia ile meza ya chakula. Mlango wa mwisho haufunguki mpaka askari akae na kula sahani nzima, huku Shangazi akimuuliza, "Umekula?" Wakasema hilo ni kosa la waliotengeneza gemu.

Mimi nililiona jibu mara moja. Nilikwambia hawa watu hawajawahi kufiwa wakiwa mbali. Kwetu mtu akifiwa ugenini hapigiwi simu akaambiwa tu hivi hivi. Wanaambiwa wengine kwanza. Wanakuja na sufuria zao, wanahakikisha amekula, ameketi, na kuna wa kumshika akianguka, ndipo mkubwa wao anafungua mdomo. Kwao yule askari kumeteketea, Shangazi anajua, na anamlisha kabla ya kumwambia. Wewe ndiye uliyeyaandika kwa Kiingereza, maana mimi nilikuwa natafuta herufi kwa kidole kimoja. Jibu la kwanza lilisema hakuna watu duniani wanaofanya hivyo, na kama wapo ni wakatili. Niliwaka! Nikakusimamia begani nikakuamuru uandike kwamba si ukatili, ni upendo. Maneno yangu bado yapo, yako juu kidogo ya barua hii.

Miezi michache baadaye, jioni moja tunakula, ukasimamisha gemu katikati ya vita. Wewe hukuwa mtu wa kusimamisha gemu. Hukunitazama.

"Lakini Mwende, wewe ungekuwa huyo soldier, ungetaka kuambiwa?"

Mdomo wangu ulikuwa umejaa githeri. "Zii! Wacha amalize mission kwanza. Akiambiwa saa hii atafreeze, wale wadudu wammalize."

"Kweli?"

"Kweli. Cheza bwana, chakula kinapoa."

Ulicheza vibaya siku hiyo. Ulikufa mara tano mahali ambapo hata mimi sikuwa nikifa, nami nikakucheka.

Mama alikuwa amefariki siku mbili kabla.

Nimeirudia jioni hiyo kichwani mara nyingi, na kila mara hasira inaanza upya. Ulinipigisha kura bila kuniambia uchaguzi ulikuwa wa nini. Mimi nilijibu kuhusu askari wa kuchorwa, asiye na mama, asiye na kwao. Wewe ukalichukua jibu langu ukalitia mfukoni kama ruhusa. Jumapili ya kwanza, siku yetu ya kumpigia Mama, ukasema kadi ya simu imeisha. Jumapili ya pili ukasema ameenda kwa dadake Kitui, huko network ni ya kutafuta juu ya kilima. Nikasema haya, ukimpata umsalimie sana. Nilikutuma upeleke salamu kwa maiti, Mutinda, nawe ukanijibu, "Zitafika." Ulilitoa wapi neno hilo? Lilikupitaje kooni?

Jumamosi iliyofuata, mchana, nikasikia hodi. Nikafungua, akina mama wa kanisa wamejaa ngazini, mbele yao Mama Neema na sufuria ya pilau imefungwa kwa kanga. Nikamkaribisha, nikamuuliza kuna nini.

"Hamna kitu mwanangu, tumekuja kukuona tu. Umekula lakini?"

Sikusubiri akae. Nilikugeukia wewe, uliyekuwa umesimama karibu na televisheni ukitazama vidole vya miguu yako. Sikuuliza ni nani. Nilijua kwa jinsi ulivyokuwa huwezi kuniangalia. Nilikuuliza, "Lini?" Ukasema, "Amezikwa jana."

Mama Neema ndiye aliyeshtuka kuliko wote. "Makubwa! Amezikwa? Si ulituambia kafariki juzi, maziko bado?" Akaweka sufuria chini sakafuni, akakaa kando yake, akaanza kulia yeye kabla yangu. Hata wale uliowaleta wanishike ulikuwa umewadanganya. Walikuja kumwambia mtu apande ndege, wakakuta hakuna pa kumpeleka.

Sasa nisikilize vizuri, maana siku ile nilikuwa napiga kelele na hukusikia. Desturi niliyoitetea humu mbele ya wageni ni ya kuficha habari kwa saa moja, mbili, mpaka watu wafike. Inafichwa ili mtu asianguke peke yake. Haifichwi wiki mbili na zaidi. Haifichwi mpaka udongo umeshafukiwa. Wewe ulichukua kitu kizuri cha kwetu ukakitumia kunifungia mlango, halafu ukaniambia mlango huo niliuchonga mwenyewe. "Si wewe ulisema amalize mission?" Ulinijibu hivyo mbele ya akina mama wote. Mimi nilikurushia nini vile, kikombe? Natamani kingekuwa kizito zaidi.

Najua hoja yako. Makaratasi yangu yalikuwa bado uhamiaji, mtihani wa uuguzi ulikuwa umebaki wiki tatu, na ningepanda ndege nisingerudi. Kweli tupu. Labda ningeketi chini, nikalia, nikaamua mwenyewe kubaki. Wengi wetu hapa wamebaki. Mama Neema alimzika babake kwa simu, akiwa kazini, amevaa glavu. Labda ningeondoka usiku uleule na kuacha kila kitu. Sijui! Hicho ndicho ulichoninyima. Watu wazima humu ndani wamegombana miaka yote kuhusu Shangazi, na wao angalau wanaweza kumlaumu aliyetunga gemu. Mimi nina swali kuhusu nafsi yangu, kama ni binti wa kwenda au binti wa kubaki, na halitajibiwa mpaka nife, kwa sababu wewe ulijibu kwa niaba yangu.

Nilijaribu kukusamehe, ujue. Tulikaa mwezi mzima nyumba moja, unanipikia, nakula bila kusema. Nilianza kukumbuka mambo. Kwamba siku zile ulikuwa ukijifungia bafuni maji yakitiririka nusu saa, nami nikigonga mlango nakulalamikia maji ya moto yameisha. Ulikuwa unamlilia Mama humo, peke yako, nami nje nakutukana kwa sababu ya maji. Hilo linaniuma na linaniudhi kwa pamoja. Tungelia wawili. Ulininyima kilio changu na ukajinyima wa kulia naye.

Lakini wahenga hawakukosea: mficha maradhi, kifo humuumbua. Baba mdogo akatuma DVD ya mazishi. Nikaiweka kwenye mashine ile ile tuliyochezea gemu, nikaketi. Nikamwona Baba amevaa koti lile la harusi ya ndugu yetu Kasyoka. Nikaliona jeneza. Halafu mshereheshaji akainua karatasi akasema, "Sasa tusikie salamu za Mwende, kitinda mimba, kutoka Marekani." Akasoma. Kwamba namshukuru Mama kwa kunifunza kupiga magoti na kusali. Kwamba nimemwachia Mungu. Watu wakaitikia amina. Mutinda, Mama hakunifunza kupiga magoti. Alinifunza kutukana mbuzi, na kushona, na kutomwogopa mtu yeyote mwenye kalamu. Ningepewa karatasi hiyo ningeandika hayo, na watu wangecheka makaburini, naye angefurahi. Uliiandika wewe, ukaniwekea mdomoni maneno ya kadi ya dukani, na ndiyo aliyozikwa nayo.

Hapo ndipo nilipokwambia utoke. Mengine nimechoka kuyabeba, mengi nimeshayatua njiani. Hilo la karatasi bado ninalo. Nikilitua siku moja utajua, maana nitakwambia.

Sasa turudi kwa Baba. Makaratasi yangu yalitoka mwaka jana, kwa hiyo mimi ninaweza kwenda na kurudi. Naondoka Alhamisi. Jumamosi nitakuwa kando ya kitanda chake. Anasikia bado, na ukipiga nitamwekea simu sikioni, nami nitatoka nje mzungumze wawili. Ukitaka kuja, njoo, ujue unachokiacha. Ukitaka kubaki ufanye mahojiano yako, baki. Sitakuita mwana mbaya, na atakayekuita hivyo mbele yangu atanikoma. Ila sitaandika salamu zako za mazishi, wala sitaruhusu mtu aziandike. Ukinyamaza, mshereheshaji akifika kwenye jina lako atalipita.

Wakubwa wetu watanilaumu kwamba nimekutupia habari hii bila mtu wa kukushika mkono. Ni kweli, na nimelala nayo vibaya. Nimempigia mchungaji wa huko kwenu nikamwomba apite kwako leo baada ya kazi. Hajui lolote zaidi ya kwamba una mgonjwa nyumbani, kwa hiyo usimpe taabu.

Uamuzi ni wako, kaka. Mimi sikupewa wangu. Nakupa huu nikiwa bado nina hasira nawe, uuchukue hivyo hivyo.

Dada yako, kitinda mimba wa Mama,
Mwende