Petroli ya Kibirizi

Jumatatu, 10 Machi 1997

Gari haliwaki. Saa moja asubuhi nimeshakunywa chai, nimekalia mto wangu, nikazungusha ufunguo. Stata inazunguka vizuri, injini haishiki. Nimejaribu mpaka mkono umeuma. Nikaenda kazini kwa miguu kwenye tope la Gungu, mkaguzi mzima wa mizani na vipimo, viatu mkononi.

Na lazima iwe wiki hii. Daktari wa macho yuko hospitali ya misheni kule milimani mpaka Ijumaa, kisha haonekani hadi mwakani. Jicho la kushoto la mama mkwe lilishakufa. La kulia lina mtoto wa jicho, anaona mwanga na vivuli tu. Mwakani huenda nalo lisifae kitu. Niliahidi mwenyewe, mbele ya mke wangu Anastazia na ndugu zake wote, kwamba nitampeleka kwa gari langu. Wakwe hawasahau ahadi. Mengine yote wanasahau.

Tangi limejaa. Jumamosi nilikuwa mwaloni Kibirizi, mitumbwi inapotia nanga, kukagua mizani ya wauza dagaa, wenye mitumbwi wakanijazia. Sikuomba. Sikukataa pia. Foleni ya kituoni siku hizi inakula nusu siku, mashirika ya wakimbizi yananyonya kila tone. Petroli ni petroli.

Jana lilifuka moshi tukitoka kanisani. Gari zee, sikushangaa.

Jumanne, 11 Machi

Fundi Saidi wa Rusimbi kaja. Mrefu, mchafu, mpole. Mtu mpole mwenye spana simwamini. Kwanza kasema betri. Nikamuuliza, kama betri imekufa, stata inazungushwa na nini, na maombi? Kisha kasema koili haitoi cheche. Akausogeza waya karibu na bodi, cheche ikaruka. Koili nzima. Nikanyamaza ili aone aibu. Hakuona.

Ndipo akafungua plagi. Nne zote nyeusi, zimelowa. Akaniuliza mafuta nimejaza wapi. Nikasema kituoni. Nisemeje? Kwamba mkaguzi kajaziwa tangi na watu anaowakagua? Fundi wa Rusimbi akijua asubuhi, mchana Ujiji nzima inajua.

Akazifuta, akazirudisha. Gari likawaka, likatoa moshi wa buluu, likafa. Plagi nyeusi tena. Akasema ringi za pistoni zimekwisha, injini inakula oili. Kuifungua ni wiki mbili, kama vipuri vitakuja na treni. Alisema hayo akinitazama kwa juu, utosini.

Nimemfukuza. Oili naipima kwa kijiti kila Jumapili na haijapungua hata upana wa ukucha. Injini inayokula oili inapunguza oili. Miaka kumi na tisa napima vitu vya watu, leo huyu ananifundisha.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kwenye yadi ya shirika moja kuomba lifti. Magari meupe yamepangwa, yameoshwa kuliko watoto wa mji huu. Dereva namjua tangu akiuza karanga stesheni. Sasa ana miwani myeusi, na antena ndefu kuliko shule aliyosoma. Kasema raia hawaruhusiwi kupanda. Raia. Mimi, ninayelipwa na serikali ya nchi hii. Malori yapo, lakini mama mkwe alivunjika nyonga, hawezi kupanda lori hata kwa winchi.

Nimerudi nimekasirika na nimefikiri sawasawa. Oili haitoki kwenye injini. Kwa hiyo kitu kimo kwenye tangi. Nikatazama mfuniko: haukukazwa. Nani anashikashika gari hili? Nestori.

Mrundi, alivuka na wenzake miaka miwili iliyopita. Mama mkwe alimpa chumba cha uani bila kuniuliza. Analima bustani, Jumapili anaosha gari. Jioni wanakaa pamoja, yeye na Kirundi chake, mama na Kiha chake, wanacheka mpaka wanakohoa. Nikiuliza wanacheka nini, wananijibu kwa Kiswahili cha adabu kwamba si kitu. Ndani ya nyumba yangu nahitaji mkalimani.

Nimemwambia mbele ya wote. Kwamba ameharibu petroli, ama ameiba akajaza uchafu. Akasema, "Mzee, mimi sijafungua hapo." Mara moja tu, akaacha. Mtu asiye na hatia hujitetea zaidi. Nikamwambia wenzake wote wanatakiwa kambini, na maofisa wakija kuuliza sitadanganya kwa ajili yake. Saa tisa alishafunga blanketi lake, akadandia lori la maji linalokwenda huko. Kabla ya kuondoka aliuanua mto wangu kwenye kamba na kuurudisha kwenye kiti.

Mama mkwe amekaa mlangoni hadi jua limezama. Anastazia kaniwekea ugali akanigeuzia mgongo. Sijali. Kesho naichuja petroli yote, tunaondoka.

Alhamisi, 13 Machi

Niandike ilivyokuwa.

Asubuhi nimeitoa petroli yote kwenye ndoo, nikaichuja kwa kitenge mara mbili. Hakuna maji, hakuna mchanga, hakuna kitu. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka, kavaa tangu alfajiri, mkoba mapajani. Akainua pua.

"Nani kaleta mashine ya mtumbwi hapa uani?"

Nikamwambia hakuna mashine, mama, ni petroli ya gari.

"Mwanangu, hiyo si ya gari. Marehemu mume wangu alikuwa anaichanganya mbele yangu, petroli na oili, petroli na oili. Mashine za mitumbwi ndivyo zinavyokunywa. Miaka thelathini nimenuka hivyo."

Nimechovya kidole. Petroli hukauka mara moja ukiipuliza. Hii ilibaki inateleza. Mkaguzi wa vipimo, siku tano, sikuwahi kuchovya kidole.

Wale wa Kibirizi hawakuwa na ubaya. Walinipa wanachotumia wao, maana kwao petroli ndiyo hiyo. Mfuniko waliuacha wao wazi. Moshi niliuona mwenyewe. Saidi aliniuliza swali moja la maana na nikamdanganya, kisha nikautafutia uongo wangu mtu wa kuubeba. Ninajidharau. Nimeandika, basi.

Nilikwenda Rusimbi kwa miguu, nikamweleza Saidi ukweli wote barazani kwake, mbele ya mkewe. Natamani angecheka. Alisema tu, "Nilikuuliza, mzee," akachukua dumu akaenda kupanga foleni kituoni. Mimi nilizichoma plagi kwenye jiko la Anastazia, nikazisugua kwa brashi ya waya. Maharage yakasubiri. Saa nane gari likawaka kwa jaribio la kwanza tu, kama halijawahi kuugua.

Tumefika hospitali giza limeingia. Njiani mama hakulitaja jina la Nestori. Mimi pia.

Ijumaa, 14 Machi

Kapasuliwa. Alikuwa wa mwisho kwenye orodha. Daktari alishaanza kufunga masanduku. Nimelala garini, mvua usiku kucha.

Jumamosi, 15 Machi

Wamemfungua bendeji. Akatazama dirisha, akatazama mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma. Kisha akanitazama mimi. Wakati namwoa binti yake tayari alikuwa haoni, hajawahi kunijua ila kwa sauti.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Nilidhani u mrefu."

Nesi akageukia ukutani.

Jumapili, 16 Machi

Tulitoka hospitali mapema. Tulipofika njia panda ya kambini mama akaniambia nisimamishe gari. Sasa nina jicho, akasema, nataka kumwona Nestori. Sikubisha. Nilikunja kona.

Kambi imelaza maturubai mlima mzima. Getini mlinzi akatafuta kwenye daftari, jina hakuna. Akaniuliza huyo mtu anafananaje, labda kajiandikisha kwa jina jingine.

Nilimwona kila siku miaka miwili. Alikuwa mnene au mwembamba? Ana ndevu? Ana pengo? Nilichokumbuka ni kitambaa cha kuoshea gari.

Mama ndiye aliyeeleza, yeye ambaye hajawahi kumwona. Si mtu mkubwa, ana nyayo nyepesi. Mguu wa kulia anauburuta kidogo. Kidole cha shahada hakina ukucha. Anapiga mluzi akichota maji na anaacha akisikia mtu anakuja. Kazaliwa Rumonge, mama yake alikuwa akiuza mawese. Mlinzi akaandika yote. Akasema watatangaza kwenye vituo vya maji, turudi baada ya wiki.

Tulikaa garini mpaka saa tisa. Kila mwanamume aliyepita mama alimtazama usoni, mmoja mmoja, kwa jicho lake jipya. Mimi nilitazama miguu.

Tumerudi wawili. Mto ulikuwa umelowa kwa mvua ya juzi iliyovuja garini. Nimeutoa, nimeukamua, nimeuanika kwenye kamba ya uani. Jumapili ijayo tunarudi kule. Gari linawaka.