Magurudumu ya Meneja

Jumanne, Segese. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, na mimi nina hasira tangu saa nne. Vumbi litatulia kabla yangu.

Meneja ni mbwa wetu. Tulimpa jina hilo kwa sababu hulala mbele ya karakana yangu ya baiskeli kutwa nzima, akitazama wengine wakifanya kazi. Miezi mitatu iliyopita pikipiki ilimgonga mgongoni pale njia panda na haikusimama. Miguu ya nyuma ikalegea, akawa anajiburuta.

Bwana mifugo wa kwanza kumwona alikuwa mtu wa ng'ombe. Hakushuka hata kwenye pikipiki yake. "Ng'ombe akilala hivi, tunachinja." Nikamwambia huyu haliwi. Akasema basi hana la kunisaidia, akapiga stati.

Mke wangu, Mama Kulwa, hakubishana na mtu. Alichemsha maji. Mama yake alikuwa akikanda wanawake waliojifungua kule Ushirombo, na yeye anajua kukanda kama mimi ninavyojua kunyoosha rimu. Kila asubuhi alimkanda Meneja mgongo na mapaja kwa kitambaa cha moto, kisha akamkunja na kumkunjua miguu polepole, kama mtu anayezungusha pedeli kwa mkono. Mwisho alipitisha kanga chini ya tumbo, akamnyanyua kidogo ili akanyage.

Majirani walikuja uani kuchungulia. "Hongera Mama Kulwa, umejifungua mbwa!"

Mimi nami nilicheka. Chinichini, lakini nilicheka.

Halafu ufundi ukanipanda kichwani. Fundi akiona mguu mbovu anafikiria gurudumu. Nikatafuta magurudumu mawili ya baiskeli ya mtoto, nikachomelea fremu, nikakata mikanda ya tyubu, Meneja akapata kigari. Siku ya kwanza alikimbia nacho mpaka katikati ya meza za dagaa. Wenye dagaa hawakuona ufundi wowote pale.

Wengine waliuona. Shabani, muuza spea wa mlango wa pili, alirekodi video akaitia muziki. Wachimbaji wakitoka kwenye maduara ya dhahabu walisimama kupiga picha. "Fundi, mbwa wako kapata usafiri kabla yako!" Nikawa namfunga kigari asubuhi na kumfungua jioni. Kukandwa kukawa leo ndiyo, kesho hapana. Mashabiki walikuwa wanasubiri.

Leo saa nne akasimama kwangu daktari wa mifugo wa kutoka Shinyanga mjini, binti mdogo, kaja kujaza tairi upepo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nikasubiri sifa. Akapiga goti, akafungua mikanda. Ngozi chini yake ilikuwa imechubuka, nyekundu. Mapaja yameisha. Akakibana kidole cha mguu wa nyuma, akakibana kwelikweli, Meneja akageuka, akalia, akataka kumng'ata.

"Anasikia maumivu! Huyu bado ana nafasi. Kwa nini anashinda humu, baba?"

"Si ndiyo anatembea?"

"Hatembei. Anasukuma gari."

Shabani aliangua kicheko mpaka akashika ukuta.

Daktari akaniacha, akamweleza Mama Kulwa. Mguu usioombwa kazi unaizoea likizo. Kigari ni cha muda mfupi, baada ya mazoezi, si badala yake. Akandwe, akunjwe, asimamishwe, na awekwe kwenye maji ya uvuguvugu ya kufika tumboni, maji yambebee uzito huku miguu ikijaribu. Hakuahidi kitu. Alisema tu kwamba muda mwingi umepotea, na hakuuliza umepotezwa na nani.

"Wabeja, mwanangu," Mama Kulwa akamshukuru.

Kutwa nimemkasirikia kila mtu. Mwenye pikipiki. Bwana mifugo wa kuchinja. Shabani na muziki wake. Hata yule binti, kwa kuniamkia vizuri kabla ya kunivua nguo.

Lakini kuna jambo nimelizunguka tangu nianze kuandika.

Wiki tatu zilizopita Mama Kulwa alimshika Meneja paja, akaniambia, "Baba Kulwa, hii miguu inakonda." Nikamjibu mbele ya wateja: "Kwani fundi ni wewe?" Watu wakacheka. Akachukua beseni lake, akaingia ndani. Leo hajanikumbusha. Bora angenikumbusha.

Saa kumi nilitundika kigari ukutani. Meneja akajiburuta mpaka chini yake, akakibwekea, kisha akanitazama kama mimi ndiye niliyemgonga. Nikatoa tyubu za watu kwenye pipa la kupimia pancha, lile nililolikata kwa urefu, nikalisugua, nikajaza maji ya uvuguvugu. Mama Kulwa akamshikilia kwa kanga, mimi nyonga.

Shabani akatoka na simu. Wateja wawili nyuma yake.

"Iweke hiyo simu. Na msikie wote, kwa kuwa siku ile mlicheka wote: fundi ni huyu hapa. Aliniambia mapema, nikamtukana."

Mama Kulwa hakuinua macho.

"Shika nyonga vizuri. Unamzamisha."

Nikashika vizuri. Mguu wa kushoto ukagusa kiganja changu, mara moja. Sijui kama ulisukuma au ni maji yaliyousogeza.

Kesho maji nachemsha mimi.