Mmea Uliouacha Dirishani

4 Februari

Mpendwa mkwe wangu,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima na kazi yako ya kusaga vioo vya miwani inaendelea vizuri. Mimi sijambo, ila magoti yananikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Nimepiga namba yako mara nyingi, haipatikani, nikaelewa. Anuani ya duka lenu nimepewa na yule mwuguzi wa ghorofa ya chini. Usimlaumu, nilimsumbua wiki nzima.

Sikuandikii kwa ajili ya mwanangu. Ni kwa ajili ya mmea wako wa dirishani, ule wa majani marefu yaliyosimama kama mapanga, yenye ukingo wa manjano. Tangu uondoke, miezi minane sasa, mimi ndiye ninayeutunza. Naumwagilia kikombe kizima kila asubuhi, sijaruka hata siku moja. Lakini majani yanazidi kufifia, na mawili yamelala kabisa. Nimejaribu hata kuusemesha. Usinicheke. Mumeo, samahani, mwanangu, hutoka alfajiri, akirudi anakula huku ameikodolea macho simu yake, basi. Kutwa ni mimi, mmea, na redio ya jirani nyuma ya ukuta.

Niambie nimekosea wapi.

Mama mkwe wako, kama bado naruhusiwa kujiita hivyo

19 Februari

Shikamoo mama,

Barua imefika. Mimi mzima.

Acha kuumwagilia. Mmea huo si mchicha. Unaweka akiba ya maji kwenye majani na kwenye mizizi yake minene, kwa hiyo unaweza kukaa wiki tatu, hata mwezi, bila tone. Chomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Ukihisi unyevu wowote, uache. Maji yasituame kwenye kisahani. Jua kali la mchana lisiupige, mwanga wa dirishani unautosha. Vumbi lifute kwa kitambaa kibichi.

Ni hayo tu.

Aliyekuwa mkweo

2 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi nipo.

Nimefanya ulivyosema, lakini nadhani nimechelewa. Chini kumelainika kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na kunanuka. Nilikaa nao sakafuni jana mchana kutwa nikilia kama mtoto, bibi mzima. Nimeua kitu pekee ulichokiacha humu ndani.

Basi acha niseme na lile jingine. Ulikuwa ukiniuliza, "Mama, kweli yuko kazini nje ya mji?" Nami nikikujibu, "Yuko kazini, mwanangu, kula chakula." Nilikuwa najua. Nilijua kuhusu yule mwanamke mwaka mzima. Nilijiambia nalinda nyumba isivunjike. Kumbe nilikuwa namlinda mwanangu tu, tena nikiogopa nisije nikakosa pa kukaa.

Sikuombi unijibu hilo. Nijibu la mmea.

Mama

15 Machi

Shikamoo mama,

Mmea haujafa. Ung'oe wote, kung'uta udongo. Chukua kisu safi, kata kila kilicholainika mpaka ufike kwenye nyama ngumu nyeupe. Usiuonee huruma, ukibakiza kidogo kitaozesha vingine. Vilivyobaki vilaze kivulini siku tatu, vidonda vikauke. Kisha panda kwenye chungu chenye tundu chini, nusu udongo, nusu mchanga na kokoto ndogo. Usitie maji wiki mbili.

La pili nalo nalijibu. Nilijua kwamba unajua. Siku ile ulipolifua shati lake haraka haraka kabla sijaliona, nilikuwa nimesimama mlangoni nyuma yako. Uongo wake nilishauzoea. Wewe ndiye uliyeniumiza. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tano. Nilipokuita mama sikuwa nafanya adabu, nilikuwa namaanisha.

Nakuomba tusiandikiane tena isipokuwa kuhusu mmea. Hapana, hata kuhusu mmea. Yote umeshayajua.

Mimi

10 Agosti

Mwanangu,

Ulinikataza, nami nimetii miezi mitano. Leo nimeshindwa. U mzima? Unakula?

Yule mwanamke amehamia hapa. Si mtu mbaya, ningependa awe mbaya, ingekuwa rahisi. Ananiita mama tangu siku ya kwanza, nami kila mara nageuka nikidhani ni wewe. Wakiwa sebuleni wawili, mimi hukaa chumbani nisiwabane. Mmea nimeuhamishia huku. Nilikata sana, likabaki jani moja. Juzi nilipoupapasa nikakuta chipukizi limechomoza pembeni, gumu, dogo kama ukucha.

Sina mwingine wa kumwambia habari hiyo.

Mama

24 Agosti

Shikamoo mama,

Barua yako nimeisoma mara tatu kwenye meza ya kazi, fundi mkuu akaniuliza kama kuna msiba. Nilikuwa nimekuandikia barua nne miezi hii. Zote ziko kwenye droo, hazina stempu.

Hasira yangu haijaisha, sitakudanganya. Lakini nimeitazama barua hii kwa jicho la kazi. Herufi zako zimekuwa kubwa mara mbili ya zile za Februari, na mistari inapandana. Halafu unasema uliupapasa mmea. Mama, tangu lini huoni? Umemwambia nani?

Njoo nikupime. Ni mwendo wa saa nne kwa basi. Kituoni nitakuwepo.

Mkweo

9 Oktoba

Mwanangu mpenzi,

Salamu tele. Nimefika salama, na barua hii naiandika nimevaa miwani. Sikujua ukuta wangu una nyufa nyingi hivi.

Tangu nirudi nafikiria ulivyonishika kidevu ili nisitikisike, ukibadilisha vioo na kuniuliza, "Hiki au hiki?" Nilikuwa naona vizuri tangu kile cha tatu. Nilinyamaza ili usiniachie. Nafikiria pia chumba chako: sahani moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja. Ulisema umezoea. Nami huku huwa nawaambia hivyohivyo.

Jana jioni mwanangu akaniuliza miwani nimepimwa na nani.

"Na mkwe wangu."

"Mkwe wako yuko jikoni, mama."

"Ninao wawili."

Akaiweka simu chini. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikamwona usoni. Ana mvi, mwanangu, na mikunjo chini ya macho. Nilikuwa bado nikimkumbuka akiwa kijana. Akauliza polepole, "Aliniulizia?"

Zamani ningemtafutia neno tamu la kumpoza. Nikamwambia, "Hapana. Hakukuulizia hata mara moja." Akaitikia kwa kichwa, akatoka kwenda kusimama kibarazani. Nilimhurumia, lakini sikumfuata.

Alhamisi nitapanda basi la asubuhi. Nitakaa wiki, au mpaka utakaponichoka, na ukinichoka uniambie wazi. Hasira yako usiifiche kwa sababu yangu, tutakaa nayo mezani. Sahani nitakuja nayo.

Mama yako