Vita vya Vioo na Makorongo

Chumba cha juu,
Nyuma ya karakana ya kushona,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Binamu,

Pokea salamu zetu zote, na pole kwa hiyo baridi unayoilalamikia kila barua. Maumivu ya mgongo yameshaachana nawe au bado mnaishi pamoja? Shemeji na watoto hawajambo? Huku sote wazima. Mama anakohoa kidogo, ila ni kile kikohozi chake cha kutaka aulizwe kama anaumwa.

Sasa vuta kiti. Ule mchezo wangu wa vita wa mezani, uliosema utafaa kuwashia jiko, umekubaliwa. Nitakusimulia polepole, maana nimesubiri miaka sita kukuringia na sina haraka.

Unakumbuka mara ya kwanza nilivyorudi nimefyata mkia. Yule mama mwenye kuchapisha michezo alisoma mataifa yangu saba ya mwaka 2290, yote yamehamia Mirihi, akafunga jalada na kusema, "Watu wako wanachukiana kama wamelipwa." Akanipa nafasi moja tu ya kurudi. Nikiiharibu, nisigonge tena mlango wake.

Niliumia, lakini alikuwa mkweli. Nilikuwa nimewapa bendera, mizinga na rangi za ngozi. Sababu ya ugomvi niliisahau.

Sababu nilikuja kuiona nikiwa chini ya cherehani, natafuta sindano iliyovunjika. Unajua hapa kazini ninapotengeneza mashine kuna wakataji na washonaji. Wakataji walitangulia kwenye jengo hili, kwa hiyo dirisha ni lao. Washonaji wanakodoa macho upande wa giza. Lakini sikiliza: kinachowauma si dirisha. Kinachowauma ni kwamba mkataji hampi mshonaji vipande mkononi. Anaviweka ukingoni mwa meza na kugeukia mambo yake, na mshonaji atanyoosha mkono mwenyewe kama anachukua cha kuokota. Miaka kumi na tano nimepita katikati yao na koleo langu, na hilo nilikuwa silioni.

Basi nikafuta mataifa matano, nikabaki na mawili. Jamhuri ya Vioo wanaishi mlimani. Babu zao ndio walitundika vioo vikubwa vya kurushia jua mabondeni. Watu wa Makorongo wako chini, wanalima chakula cha wote kwa mwanga huo na kwa pampu zao za maji. Kila mwaka mjumbe wa Makorongo hupanda mlima kuchukua ratiba ya mwanga, na kila mwaka anaikuta imewekwa ukingoni mwa meza. Wavioo wanaapa ni utaratibu tu. Wenzao wanaapa ni dharau. Vita vimekaa hapo.

Nikaijaribu kazini saa ya chakula. Upande wa Vioo ningempa Mkasi, mkuu wa wakataji, na Makorongo ningempa Mama Pindo, mshonaji aliyekaa miaka mingi kuliko wote. Kwa kiherehere changu nikagawa majalada ya pande hizo kinyume, na nilipogundua walikuwa wameshaanza kusoma. Nikajifanya natia mashine mafuta.

Zamu ya tatu, Mama Pindo akaiweka ratiba ukingoni mwa meza, akaangalia pembeni.

"Mama, nipe mkononi basi," Mkasi akasema.

"Kwetu hatuna desturi hiyo, mjumbe."

"Mimi nimepanda mlima mzima!"

"Ndiyo maana tumekuwekea karibu."

Washonaji walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mkasi hakucheka. Akavamia vioo vitatu kwa mpigo na kuwatetea Wakorongo kwa hotuba ambayo nisingeweza kuiandika. Kesho yake asubuhi alimpa Mama Pindo vipande mkononi. Usidhani wakataji wamegeuka malaika. Dirisha bado ni lao.

Nikajua sasa sababu ya ugomvi ninayo. Alhamisi nikavaa shati la harusi yako, lile ulilosahau kwangu, nikaenda kwa yule mama mchapishaji.

Mchapishaji akachukua Vioo. Makorongo akampa msahihishaji wake, mzee mpole anayeomba radhi hata akikaa. Nusu saa ya kwanza walicheza kwa adabu. Kisha yule mzee akavua miwani.

"Bosi, hii ratiba umeiweka mbali makusudi."

"Ni utaratibu."

"Miaka ishirini na mbili nimeambiwa ni utaratibu," mzee akajibu, na akateka kioo cha kwanza.

Binamu, mle ndani mimi nilikuwa nimeshasahaulika. Katibu aliingia kusema gari linangoja, akafukuzwa. Akarudi na chakula, kikapoa. Mwishowe bosi akamtuma alete mkataba wangu. Mchapishaji aliutia sahihi bila kuinua macho kutoka kwenye ramani ya mchezo, akausukuma kando, akaniuliza kwa sauti ya mtu mwenye shida, "Hawa watu wa chini, wakizima pampu zao, mimi nitakula nini?" Nikamwambia asome ukurasa wa tisa wa kanuni. Niliondoka na mkataba kwapani, na nyuma yangu nasikia yule mzee mpole anadai kuombwa msamaha kwa maandishi.

Msalimie Shemeji, Shangazi na wale mapacha wasiosalimia. Mungu akunyooshee mgongo na njia zako zote.

Ni mimi nikupendaye, hata ulipokuwa hunisadiki,
Binamu yako, Fundi Sindano.